Puti, Msasa na Dirisha

3 Februari

Kitinda wangu,

Pokea salamu za mama yako, zimekaa kifuani tangu siku ulipopanda gari. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo tabia yake unaijua. Shangazi yako naye yupo, kifua kinamkoroma, lakini mdomo wake ndio mzima kuliko sisi wote. Wewe je? Unalala? Unakula? Lile blanketi linatosha?

Barua yako fupi ilifika Jumatano. Nimeisoma mara tatu, ya nne akaisoma Shangazi kwa sauti maana hakuamini kama nimesoma kila kitu. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la jioni, nimeshika kalamu mvi zikiwa zimeshanianza, kwa hiyo ukikuta neno limeinama lisaidie kusimama uendelee mbele.

Umeandika umepata kazi ya meli. Hapo moyo ulinilipuka paa, maana wewe kuogelea hujui, hata kwenye beseni ulikuwa unalia. Halafu chini yake ukaandika kwamba meli yenyewe unaweza kuibeba kwapani. Basi Shangazi ndipo aliponichosha. Anauliza meli ya kubeba kwapani inasafirisha nini, sisimizi? Na hao sisimizi wanakata tiketi wapi? Niandikie vizuri nipate la kumjibu, maana nyumba haikaliki.

Mimi bado niko pale pale, chumba cha kufulia cha hospitali, natia viraka mashuka. Nesi mkuu wa wadi ya wanaume, yule mama mnene anayetembea kama anakwenda kugombana, anakusalimu. Anasema kijana wangu atafika mbali. Nikamwambia ameshafika, nchi mbili katikati, inatosha.

Nakuomba kitu kimoja. Shika kazi. Yale ya kwa fundi seremala, uliposema neno moja tu la haki ukatolewa nje na msumeno wako, yasijirudie. Miezi minane ulikaa kitandani unatazama dari. Sitaki kukuona hivyo tena.

Mimi mama yako.


26 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Shangazi shikamoo, mwambie sisimizi wanapanda bure. Mimi sijambo, nalala vizuri, blanketi linatosha. Nakula mara mbili kwa siku na siku ya mapumziko mara tatu.

Sasa nikueleze hizo meli. Ni za plastiki, za mfano tu, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kampuni za meli kubwa wanaziagiza waziweke ofisini kwao, mgeni akiingia aone. Zinatoka kwenye kalibu zikiwa nusu mbili kama ganda la karanga, tunazigandisha kwa gundi. Kwa mbali utasema zimekamilika, lakini ukizisogeza karibu uso wake umejaa kasoro. Kuna mstari pale nusu mbili zilipokutana. Kuna vibonde pale plastiki ilipopoa ikanywea. Kuna vitundu vya hewa kama umechoma kwa sindano yako. Vyote hivyo vizibwe kabla ya rangi, na kuziba ndiyo kazi yangu.

Unachota puti kwa kijiti, ni kama dawa ya meno ya kijivu, unapaka nyembamba. Mwenye haraka anapaka nene, inakauka juu na ndani inabaki mbichi, baada ya siku chache inanywea na shimo linarudi pale pale. Kwa hiyo nyembamba, unasubiri, nyembamba tena. Halafu msasa wa maji, polepole. Halafu unafumba macho unapitisha kidole. Macho yanadanganywa na mwanga, lakini kidole kinajua. Kigumu zaidi ni milango na madirisha ya meli. Ni matundu ya kweli, madogo kama punje ya mchele, yanapenya hadi ndani. Ukiziba hata dirisha moja kwa bahati mbaya, meli nzima inarudi mwanzo.

Bosi tunamwita Bwana Vumbi, maana akiona chembe moja juu ya rangi mbichi anaugua kabisa. Anatuambia kila siku, "Mnadhani rangi itawafichia? Rangi ni mmbea, kila shimo itakwenda kulisema."

Kwa ajili ya vumbi hilo madirisha ya chumba chetu yamefungwa na kubandikwa utepe pande zote. Tuko watano humo. Thina ya kulainishia puti inachoma pua, mchana kichwa kinaniuma, na jioni natembea kama mtu aliyelewa wakati sijaonja kitu. Mwenzangu wa meza moja, tunamwita Baba Pacha, anataka twende wawili tukaombe dirisha moja tu lifunguliwe saa ya chakula, meli zikiwa zimefunikwa. Nimemwambia ngoja kwanza nimuulize Mama. Alicheka, lakini amekubali kungoja. Kwa hiyo nakuuliza.

Mwanao.


20 Machi

Kitinda wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Hapa tunaendelea, Shangazi ameanza kulala mchana, jambo ambalo hajawahi, lakini akiamka anadai alikuwa anafikiri. Goti langu linatabiri mvua na mvua haiji. Kichwa chako kinaendeleaje?

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikawaonyesha wenzangu jinsi unavyoandika, hata yule wa pasi aliweka pasi chini akasikiliza. Nimefurahi kwamba unaziba matundu. Mimi natia viraka, wewe unaziba, basi kazi ya nyumba yetu ni moja.

Lakini hilo la dirisha limeninyima raha. Mwanangu, usiende. Wewe hapo ni mgeni, na mgeni akianza na madai anaonekana ana kichwa kikubwa. Huyo Baba Pacha mwache aende mwenyewe, yeye pengine ana ndugu wa kumpokea akifukuzwa. Mwenye karakana anajua sababu ya kufunga dirisha lake. Harufu inazoeleka. Mimi nilipoanza kufua, ile dawa ya kung'arisha mashuka ilinitoa machozi mwezi mzima, leo siisikii hata kidogo. Kunywa maziwa, wanasema maziwa yanafyonza sumu zote kifuani. Kila siku kikombe kimoja.

Niahidi kwamba hutafungua dirisha mpaka aseme yeye. Niandikie kwa mkono wako kwamba umeniahidi, nilale.

Mama yako.


15 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na Shangazi anafikiri kwa kiasi. Mimi sijambo.

Nakuahidi, Mama. Sitafungua dirisha mpaka aseme yeye. Haya, umeshalala?

Baba Pacha alikwenda peke yake. Bwana Vumbi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia anayetaka upepo akauze vitu barabarani, huko upepo ni bure. Akarudi mezani akaketi, na siku ile hakuniangalia. Nilimwonea haya. Nilimnunulia maziwa, akayanywa.

Lakini mimi nimepandishwa. Sasa wenzangu wakimaliza meli inaletwa kwangu, nafumba macho napitisha kidole, nikisema imepita imepita, nikisema hapana inarudi kwenye puti. Bwana Vumbi alinijaribu mbele ya watu. Aliweka meli sita, moja ina kitundu alichokitoboa mwenyewe kwa pini, nikakipata kabla hajamaliza kuvua miwani. Tangu siku hiyo jina langu hapa ni Kidole. Hata mpishi ananiita hivyo, "Kidole, lete sahani."

Maziwa nakunywa. Kichwa bado, ila nimeanza kukizoea, kama ulivyosema.

Mwanao, Kidole.


9 Mei

Kitinda wangu,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama umesimama, kaa.

Shangazi yako ametuacha. Ilikuwa Jumapili mchana, alisema anakwenda kufikiri kidogo, akageukia ukutani. Nilipompelekea chai nikadhani anafikiri kweli, nikaiweka chini nikaendelea na kushona. Chai ile ilipoa, Kitinda. Sijui kwa nini nakuandikia chai.

Tumemzika Jumatatu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, na kila mmoja alikuwa na neno baya aliloambiwa na marehemu, wakawa wanahadithiana huku wanalia na kucheka. Jirani wa mlango wa pili alisema aliwahi kuambiwa anaimba kama bawaba. Nesi mkuu alikuja na nguo zake za kazi.

Barua yako ya Aprili aliisikia. Ulipoandika umeitwa Kidole alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akasema, "Mwambie asije akakipoteza hicho kidole, ndicho chenye akili." Ndiyo salamu yake ya mwisho kwako, nimeona niifikishe kama ilivyo.

Usije. Najua utataka. Ukiondoka nafasi yako itachukuliwa. Lia huko huko, na mimi nitalia hapa.

Mama yako.


12 Juni

Mama mpendwa,

Pole, Mama. Pole sana. Shikamoo. Nimeandika barua hii mara mbili na nimezichana zote, hii ya tatu naituma hata ikiwa mbaya.

Nilisoma barua yako mezani. Chozi lilidondoka juu ya meli iliyotoka kupakwa rangi ya kwanza, likaacha alama ya mviringo. Ilibidi niipige msasa nianze upya. Bwana Vumbi alisema pole, halafu akasema nilie nje.

Baba Pacha amerudishwa kwao. Alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati, nilikuwa namfungia mimi asubuhi kabla hatujaingia. Wamesema ni uzee. Ana miaka arobaini na moja. Ameletwa kijana mwingine mahali pake.

Usiwe na wasiwasi juu yangu, mimi sijambo, ila vidole vimekuwa kama vimevaa soksi. Napitisha juu ya meli na sisikii kitu, na mara mbili nilisema imepita na haikuwa imepita. Bwana Vumbi alinitazama tu. Lakini nimepata njia. Natumia mdomo wa juu. Nafumba macho naisogeza meli, nainyanyua kama mtu anayebusu, mdomo unasikia hata unywele. Sasa hakuna kinachonipita tena. Wananicheka, lakini hakuna kinachonipita.

Shangazi alisema kweli kuhusu kidole. Mwambie

Samahani. Nilitaka kuandika mwambie.

Mwanao.


4 Julai

Kitinda wangu,

Salamu za kukuuliza hali na kutaka jibu la kweli. Mimi nipo. Nyumba imekuwa na sauti ya saa tu.

Barua yako niliisoma nikaiona ina kitu, sikujua ni nini. Nikazitoa zile za nyuma nikazipanga juu ya kitanda. Ya Februari herufi zako ni ndogo, zimekaa kwenye mstari kama watoto wa shule. Ya Aprili zimeanza kukua. Hii ya Juni ni kubwa na zinapanda juu kama zinakimbia maji. Mimi ndiye mwenye mwandiko mbaya katika familia hii, siyo wewe.

Nikazifunga kwenye kitambaa nikampelekea nesi mkuu. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Akaniuliza kijana anasahau? Anaangusha vitu? Anatembea vipi? Nikamwambia mama, mimi nitajuaje, namwona kwa karatasi. Akaniuliza dirisha liko wazi au limefungwa. Nikaanza kuzifunga tena barua kwenye kitambaa. Akaniuliza tena, nikamwambia limefungwa, na nani alisema libaki limefungwa nikamwambia pia.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema ni hiyo thina, hewa yake inaingia kwenye damu na kwenye mishipa, inaanza na vidole inamalizia kichwani, na maziwa hayafyonzi kitu. Alisema anayetolewa mapema anapona, anayecheleweshwa hapati yote.

Sasa nisikilize. Nilikosea. Nilikuambia kwa kuogopa, nilikuona kwenye kile kitanda unatazama dari nikasema bora kazi yoyote. Ile ahadi nakurudishia, haipo, nimeifuta. Fungua dirisha. Wakikataa livunje. Wakikufukuza, njoo, kitanda chako kipo, dari nayo ipo, itazame hata mwaka mzima na mimi nitakuletea chai.

Nijibu upesi. Neno moja linatosha, nimetoka.

Mama yako.


8 Agosti

Kitinda,

Habari za huko? Hapa siyo nzuri, kwa sababu sijapata barua yako na leo ni mwezi na siku nne.

Nimekwenda dukani kupiga simu kwa ile namba iliyo kwenye bahasha zako. Ilichukua muda, mwenye duka akanipigia mwenyewe, akapokea mwanamume. Nilitaja jina lako, hakulijua. Nikasema Kidole. Akasema aa, Kidole yupo, yuko kazini, wafanyakazi hawaitwi kwenye simu saa za kazi. Nikamwomba amwambie tu afungue dirisha. Akasema, "Mama, afungue dirisha gani?" Nyuma yake nilisikia mtu anakohoa, nikaita jina lako, nikaliita kwa nguvu mpaka watu wa dukani wakageuka. Simu ilikuwa imeshakatwa. Nilibaki nimeishika, mwenye duka naye akabaki ananitazama, hakujua aninyang'anye au aniache.

Nimekwenda na kwenye ofisi ya hati za kusafiria. Nimekaa benchi siku mbili. Wanataka barua ya mtu anayenialika, imesainiwa na mwajiri wake. Mwajiri wako ni Bwana Vumbi. Nesi mkuu amemwandikia, ameweka na muhuri wa wadi. Tunangoja.

Kama unaisoma hii uko ndani ya kile chumba, toka nje uisomee huko.

Mama yako.


2 Septemba

Mama yangu mpendwa

Shikamoo. Na Shangazi shikamoo, anaendeleaje na kifua chake? Mwambie sisimizi wanapanda bure.

Mimi sijambo, nalala vizuri, blanketi linatosha. Nimepata kazi ya meli. Ni za plastiki, zinatoka nusu mbili kama ganda la karanga. Unapaka puti nyembamba unasubiri. Bosi wetu anasema rangi ni mmbea.

Barua zako nazipata zipo chini ya mto. Nikisoma mistari inaogelea, nasoma mwanzo na mwisho pale ulipoandika Mama yako. Inatosha.

Kuna kijana mpya alitaka kufungua dirisha. Nilimwambia hapana. Mama yangu amenikataza, nimemwahidi kwa mkono wangu. Akang'ang'ana. Kwa hiyo nimechota puti nimeziba mianya yote ya dirisha pande zote nne nikapiga na msasa, sasa halifunguki kabisa. Bwana Vumbi amefurahi sana. Nimekutii Mama.

Siku ya mapumziko nakutengenezea meli yako. Ni nusu mbili zilizokataliwa, moja imepinda kidogo lakini nitaijaza. Haitakuwa na kasoro hata moja.

Msalimie Shangazi

Mwanao Kidole


21 Septemba

KITINDA. NI MAMA.

SHANGAZI ALIFARIKI. ULILIA. ULIJUA.

TOKA KWENYE CHUMBA HICHO.

MAMA ANASEMA FUNGUA DIRISHA. MAMA HAKATAZI TENA.

Nesi amesema niandike maneno machache na makubwa uweze kuyasoma, niishie hapo. Nimeishia. Naongeza hili tu, kwamba hukukosa, mwanangu, ulitii, na mimi ndiye niliyekuwa

TOKA NJE.

MAMA YAKO.


26 Februari

Mama

Meli yako hii. Fumba macho pitisha kidole. Hakuna tundu hata moja.

Kidole


14 Novemba

Kitinda wangu,

Nakusalimu popote salamu hii itakapokukuta. Mimi mzima. Goti halijasema kitu siku nyingi, nadhani limeona limezidiwa.

Boksi lilifika juzi. Anwani imeandikwa na mkono nisioujua, wewe umeandika kikaratasi cha ndani tu, na tarehe uliyoweka ni ya ile barua ya Februari uliyonielezea meli. Tarehe nimeiacha. Boksi nililipeleka kazini nikalifungulia juu ya meza ya mashuka, nilitaka wenzangu wawepo, sikutaka kulifungua peke yangu.

Ni meli nzuri. Nyeupe, na mstari mwekundu tumboni. Yule wa pasi alisema inang'aa kama kikombe kipya. Ikapita mikononi, kila mtu akafumba macho akapitisha kidole kama ulivyoagiza, wakasema kweli, ni laini, kijana wako fundi. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kunywa kikombe cha maji hivi.

Halafu nesi mkuu akaingia kufuata mashuka. Akaichukua, akaigeuza, akaigeuza tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kitinda, mlango wa meli hii uko wapi?"

Nikaitazama. Haina mlango, haina dirisha hata moja. Umeyaziba yote kwa puti na umepaka rangi juu. Wewe uliyeniandikia kwamba dirisha moja likizibwa meli nzima inarudi mwanzo.

Wenzangu wakarudi kwenye kazi zao mmoja mmoja. Mashine ya kufulia ndiyo iliyokuwa inasema.

Majibu ya Bwana Vumbi nayo yamefika, yamepigwa chapa. Anasema mfanyakazi huyo ana afya njema, ni mtiifu kuliko wote, na karakana haina utaratibu wa kualika wazazi. Ofisini nimeipeleka hiyo hiyo, wakasema siyo mwaliko. Nesi ameandika tena, safari hii kwa wakubwa wa huko kwenu. Anasema tungoje. Mimi nimengoja mpaka sijui tena mtu anangoja vipi.

Jana mchana kazi ilikuwa chache. Nilichukua sindano yangu nene ya mablanketi nikakaa na meli yako karibu na dirisha. Nilitaka kuyafungua. Sikujua yalipo, na vidole vyangu vimekufa ganzi kwa sindano miaka thelathini, havisikii kitu chembamba. Basi nikafanya kama wewe. Nikafumba macho nikaisogeza kwenye mdomo wa juu. Yule wa pasi alinitazama akageuka upande mwingine.

Na nimeyapata, Kitinda. Umepaka nene. Zamani usingepaka nene. Ilikauka juu, ndani ikabaki mbichi, na humo njiani posta puti imekuwa ikinywea, sasa kila dirisha limeacha kibonde kidogo, chini ya mdomo ni kama alama ya chanjo. Yako kwa mstari, manane upande mmoja, manane upande wa pili. Shimo linarudi pale pale, uliniambia mwenyewe.

Nimetia sindano kwenye la kwanza, nikazungusha polepole. Rangi ikapasuka, puti ikatoka laini kama ugoro wa maji, sindano ikazama ndani. Kukatoka harufu. Sikuijua, sijawahi kuinusa maishani mwangu, lakini niliijua. Ni hewa ya chumba chenu, umeifungia humo siku ulipoziba tundu la mwisho. Nikaweka pua pale nikaivuta. Nikafungua la pili, nikavuta. Kichwa kikaanza kuniuma hapa mbele, macho yakachoma, nikasema basi, hivi ndivyo anavyosikia, nikafungua la tatu, sikutoa pua.

Nesi mkuu alipita mlangoni. Sikumsikia. Nilisikia dirisha la chumba cha kufulia likisukumwa nyuma yangu, upepo ukaingia, na mkono wake ukanishika bega ukanivuta nyuma na kiti changu. Alisema, "Toka hapo." Nikatoka. Ilikuwa rahisi hivyo, Kitinda. Mtu alinishika bega, nikatoka.

Nimefungua yote kumi na sita na mlango mmoja. Sikuyafungua vizuri, mengine yamepasuka kingo, wewe ungeyakataa. Meli nimeiweka nyumbani kwenye kizingiti cha dirisha, upepo upite ndani yake utoke upande wa pili. Jana usiku harufu ilikuwa bado ipo, leo asubuhi imepungua.

Barua hii ni ndefu, najua mistari itaogelea. Soma mwisho tu. Naipeleka kwa anwani ile ile, kwa sababu sina nyingine.

FUNGUA.

MAMA YAKO.